Nilipungua kilo 11, zikarudi 14: je, mwili wangu umeharibika?

"Assalamu alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli hapa Chake Chake, nina miaka 38 na watoto watatu. Urefu wangu ni sentimita 158 na hivi sasa nina kilo 91. Kila Ramadhani napungua kilo tatu au nne, na Mfunguo Mosi haujesha zimesharudi. Mwaka jana nilinunua kwa WhatsApp mpango wa kula: hakuna wali, hakuna mkate, asubuhi mayai mawili na maji moto ya ndimu, mchana matango na kipande cha samaki wa kuchoma, usiku chai ya sanamaki. Kwa miezi miwili na nusu nilitoka kilo 88 nikafika 77. Halafu ikaja harusi ya mdogo wangu, nikaanza kula kidogo kidogo, na baada ya miezi minane nimefika 91. Naona aibu hata kupanda mizani. Nyumbani tuko saba, tunakula sinia moja, na mama mkwe akiona sili huniambia nakonda kwa dhiki, watu watamsema mwanawe. Je, mwili wangu umeharibika? Ni kweli wali ndio unaonenepesha? Nifanye nini nipungue na mara hii zisirudi?"

Waalaykumu salaam, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesita pale ulipoandika kwamba unaona aibu kupanda mizani. Nianze hapo hapo, kwa sababu aibu hiyo imekaa mahali pasipo pake. Umefuata mpango mgumu kwa miezi miwili na nusu, ukiwa na watoto watatu na darasa la kusomesha, na ulifanya kila ulichoambiwa. Mpango wenyewe ndio uliokuwa na mwanzo tu. Ulikuonesha namna ya kupungua, ukakuacha mlangoni bila kukuonesha namna ya kuishi ukiwa na kilo 77. Kwa mwili, hizo ni kazi mbili tofauti, na ya pili ndiyo nzito.

Ngoja nikueleze kilichokuwa kikitokea ndani, maana ukikijua hutajilaumu tena, na hutanunua mpango mwengine kama ule.

Wiki ya kwanza ulipokata wali na mkate, mizani ilishuka upesi, na nadhani hapo ndipo ulipouamini mpango. Kilichotoka mwanzo kilikuwa maji zaidi kuliko mafuta. Ini na misuli huweka akiba ya wanga, kiasi cha gramu 400 hadi 500 kwa mtu mzima, na kila gramu ya akiba hiyo imeshika kiasi cha gramu 3 za maji. Ukikata wanga ghafla, akiba huisha na maji yake huishia chooni: kilo moja na nusu au mbili hizo. Siku ukila wali tena, akiba hujaa na maji hurudi, na mtu hujiona ameharibu kila kitu kwa mlo mmoja. Hakuharibu. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kalori zipatazo 7,700, na hakuna anayezila zote hizo juu ya mahitaji yake kwa usiku mmoja wa harusi. Kilo zako za Ramadhani nazo, sehemu kubwa yake ni hadithi hiyo hiyo ya maji yanayotoka na kurudi.

Sanamaki naitaja peke yake, maana siku hizi inauzwa sana kwa jina la chai ya kukata tumbo. Bibi zetu waliitumia mtu akifunga choo, na kwa kazi hiyo ni dawa kweli. Lakini sanamaki hufanya kazi kwenye utumbo mpana, na nguvu ya chakula huwa imeshafyonzwa nyuma huko, kwenye utumbo mwembamba. Inachokutoa ni maji na chumvi za mwili. Ukiinywa kila usiku kwa miezi unaweza kupoteza potasiamu hata misuli ikalegea na moyo ukapiga ovyo. Iache, dada yangu. Maji ya ndimu hayana ubaya, ila hayayeyushi mafuta. Kama unayapenda, yanywe.

Baada ya maji, mafuta yalianza kupungua kweli, na hapo mwili ukaanza kujihami. Mwili haujui tofauti ya mpango wa WhatsApp na njaa ya kweli. Seli za mafuta hutoa homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake huko Marekani, na kazi yake ni kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Mafuta yakipungua, leptini hushuka, na tumbo nalo huzidisha ghrelini, homoni inayochochea njaa. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha uchunguzi wa watu 50 waliopunguzwa uzito kwa chakula kidogo mno kwa muda wa wiki 10. Mwaka mzima baadaye homoni zao zilikuwa bado hazijarudi zilivyokuwa, na wenyewe bado walikuwa na njaa kuliko kabla hawajaanza.

Njaa hiyo ina kipimo. Kevin Hall, mtafiti wa Marekani, pamoja na wenzake walikadiria mwaka 2016 kwamba kwa kila kilo mtu anayopungua, hamu yake ya kula huongezeka kwa kiasi cha kalori 100 kwa siku, na papo hapo mwili hubana matumizi yake kwa kalori 20 hadi 30. Piga hesabu kwa kilo zako 11. Ni njaa ya ziada ya kalori 1,100 kila siku, na matumizi yaliyopungua kwa kalori 220 hadi 330. Huo ndio mzigo uliokuwa ukiubeba kila ulipoingia jikoni kuwapikia watu saba, na wewe ukijiambia huna msimamo.

Kuna na misuli. Mtu akipungua haraka, kwa chakula kidogo na bila mazoezi ya nguvu, sehemu ya kilo zinazotoka ni misuli, na misuli hutumia nguvu hata umelala. Uzito ukirudi, mafuta hutangulia. Hili lilionekana Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945, pale Ancel Keys alipowapunguzia chakula vijana wa kiume 36 kwa wiki 24. Waliporuhusiwa kula, walikula kupita kiasi kwa miezi, na mafuta yao yalirudi yakapita pale yalipokuwa kabla misuli haijajaa. Walikuwa vijana wembamba, wenye afya, waliojitolea kwa hiari yao.

Basi swali lako la kwanza nimelijibu: mwili wako haujaharibika. Umefanya kazi ile ile iliyowavusha wazee wetu miaka ya njaa. Tunachotafuta sasa ni kupungua polepole, kidogo, kwa njia ambayo utaweza kuendelea nayo Iddi ijayo na ile itakayofuata. Mimi kila mtu anayekuja na mpango mpya mkononi humuuliza swali moja tu: utakuwa bado unakula hivi mwakani? Akisita, tunauweka mpango pembeni.

Lengo nalo tulibadilishe. Kwa kilo 91 na urefu wako, uwiano wa uzito na urefu (BMI) ni 36 na ushei, na unene uliopindukia huanza kwenye 30. Kwa hiyo jambo lako ni la afya, sikufichi. Lakini huhitaji kufika kilo 60. Uchunguzi mkubwa wa kuzuia kisukari uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulionesha kwamba watu waliokuwa hatarini, walipolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, hatari yao ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58. Asilimia 7 yako ni kilo sita na kidogo. Nakuomba kilo sita ndani ya miezi sita hadi minane, kisha ukae nazo mwaka mzima bila kushughulika na kushuka zaidi. Najua ukizilinganisha na zile 11 za mwaka jana zitakutia haya. Zile 11, lakini, hunazo.

Tuje kwenye wali. Mwaka 2018 Christopher Gardner wa Stanford na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu wazima 609, wengine wamepunguza wanga, wengine wamepunguza mafuta, kwa mwaka mmoja. Wa wanga walipungua kilo 6 kwa wastani, wa mafuta kilo 5.3, tofauti isiyohesabika. Na ndani ya kila kundi walikuwamo waliopungua sana na waliozidi kunenepa. Ukiniuliza kama kuacha wali kunapunguza, nitakwambia kunapunguza, kwa yule atakayeuacha mpaka uzeeni. Katika mji ambao ikifika saa saba mchana kila mlango unanukia wali wa nazi, mimi bado sijamuona.

Hebu twende jikoni kwako. Tuseme unapika kilo moja na nusu ya mchele kwa watu saba. Mchele mkavu una kalori kama 360 kwa gramu 100, kwa hiyo sufuria ina 5,400 kabla hujatia chochote. Sasa tui. Kikombe kimoja cha tui zito kina kalori zaidi ya 400, na wengi wetu hatuoni wali umeiva mpaka ung'ae kwa tui la nazi mbili. Mchuzi nao una tui, mboga nayo imeungwa kwa nazi, na mbatata za kukaanga ziko pembeni. Nazi haina kosa lolote ikiwa mahali pamoja. Kanuni ninayowapa watu wa kwetu ni hii: kwa mlo mmoja, nazi iingie chungu kimoja. Siku ya wali wa nazi, samaki awe wa kuchoma au chukuchuku, kwa ndimu na pilipili. Siku ya mchuzi wa nazi, wali uwe mweupe. Kwa wali wa nazi wa siku za kawaida, tui la pili na la tatu linatosha, na kasimile, lile tui zito la kwanza, liwekwe kwa mapishi ya Ijumaa au ya wageni. Mafuta ya kukaangia pima kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye chupa. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori 120. Hakuna atakayekuuliza uko kwenye mpango gani, kwa sababu chakula ni kile kile.

Sinia ni jambo gumu zaidi, na watu wa fani yangu ya lishe walioandika vitabu vyao mbali na hapa hawalijui. Anayekula kwenye sahani yake anaona alichokula. Kwenye sinia hakuna anayeona. Upande ukipungua, mwenye nyumba huongeza. Mtu hujua amemaliza pale wenzake wanapoinuka. Halafu watoto wakiacha, mama ndiye anayemalizia, kwa kuwa chakula hakitupwi. Kina mama wengi nimewauliza wanakula kiasi gani, wakanijibu "kidogo tu", na hawakuwa wakinidanganya. Sikwambii ujitenge na watu wako; kula pamoja kuna baraka ambazo sitaki kuzigusa. Fanya hivi: upande wako upakuliwe mara moja, usiongezwe. Pawa mbili za wali uzitandaze, kisha mboga ichukue nafasi sawa na wali, na kitoweo kipande cha ukubwa wa kiganja chako. Anza na kitoweo na mboga, wali uufuatilie. Mabaki ya watoto yatie kwenye bakuli, funika kwa kawa, yawe ya jioni.

Kitoweo usikipunguze. Mpango wa mwaka jana ulikulisha matango mchana na kipande cha samaki, ndiyo maana saa kumi ulikuwa hujiwezi. Protini ndiyo inayoshibisha kwa muda mrefu, na ndiyo inayolinda misuli unapopungua. Pemba hamkosi kibua, dagaa, pweza, na siku bahari ikichafuka kuna maharage, choroko, kunde na mayai. Mboga vile vile: mchicha, mtoriro, bamia, bilingani, kachumbari ya tungule na vitunguu bila sukari.

Sasa chai. Hukuitaja kabisa, na mimi naihofia kuliko wali.

Chai yetu hupikwa na sukari humo humo kwenye birika, kwa hiyo hakuna anayejua amekunywa ngapi. Jumamosi asubuhi, kabla hujamimina sukari kwenye birika kama ulivyozoea, mimina kwenye bakuli kavu. Kisha ihesabu kwa kijiko cha chai, ukiirudisha kijiko kimoja kimoja, halafu gawa kwa idadi ya gilasi zinazotoka kwenye birika hilo. Nimewaona watu wakisimama na kijiko mkononi wakaanza kuhesabu upya, wakidhani wamekosea. Tuseme imekuja vijiko vitatu kwa gilasi, na wewe unakunywa nne: ya asubuhi, ya mapumziko skuli, ya alasiri na ya usiku. Ni vijiko 12, kama gramu 60 za sukari, kalori 240 kila siku, bila kugusa andazi wala kitumbua. Shirika la Afya Duniani linataka mtu anayekula kalori 2,000 abaki chini ya gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na linasema ni bora zaidi chini ya 25.

Huyo huyo Hall na wenzake, katika hesabu waliyoichapisha mwaka 2011, walionesha kwamba kwa mtu mnene kila kalori 24 unazoziondoa kila siku kwa kudumu, bila kuzirudisha kwa chakula chengine, mwishowe hukupunguza kilo moja. Nusu yake ndani ya mwaka wa kwanza, na karibu zote ndani ya miaka mitatu. Sukari ya chai yako peke yake, kwa hesabu hiyo, inakaribia kilo tano kwa mwaka wa kwanza. Lengo lako ni sita.

Usiikate kwa siku moja, utaichukia chai na utarudi. Punguza nusu kijiko kwa gilasi, kaa hapo wiki mbili, ulimi uzoee, kisha nusu nyengine. Zidisha tangawizi, iliki, mdalasini na mchaichai. Baada ya miezi miwili au mitatu utakunywa chai ya harusini na kuiona kama asali.

Kitafunio cha jioni sikukatazi. Chagua unachokipenda kweli, kiwe kimoja, ukile umekaa. Kile unachokula umesimama jikoni huku unakaanga, hicho ndicho cha kuacha.

Kuhusu mazoezi nitasema ukweli ambao wauzaji wa mipango hawausemi: peke yake hupunguza kilo chache. Kutembea nusu saa kwa mtu wa kilo 91 kunatumia kalori kama 150, na vitumbua viwili vinazirudisha na zaidi. Faida yake kubwa iko kwenye kile unachokililia, yaani zisirudi. Marekani kuna daftari la taifa lililoanzishwa mwaka 1994 la watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo kwa mwaka mmoja au zaidi. Wanakula kwa namna mbalimbali, lakini wengi wao mno wanafanana kwa jambo moja: miili yao inafanya kazi kama saa moja kila siku, na zoezi linalotajwa zaidi ni kutembea. Kwa sasa usianze na saa. Anza na dakika 15 baada ya alfajiri, jua halijawa kali, wewe na jirani au shoga yako, baibui na raba, hakuna zaidi. Vilima vya Chake vitakusaidia. Dakika 15 za kupanda na kushuka ni kazi nzito kuliko dakika 15 za barabara tambarare. Kila Januari 1 Zanzibar tunakuwa na siku ya mazoezi, vikundi vinajaa barabarani na picha zinapendeza. Mimi hufurahi zaidi nikiwaona watu wale wale njiani mwezi wa Machi.

Na misuli uilinde. Zoezi lake unalo jikoni. Unapokuna nazi unakaa kwenye mbuzi, pale chini kabisa. Ukimaliza, inuka bila kushika ukuta wala goti. Kwa kilo 91 huenda usiweze wiki ya kwanza, kwa hiyo anza na kiti cha kawaida: kaa, inuka, mikono kifuani, mara 10, pumzika, rudia mpaka mizunguko mitatu. Siku tatu kwa wiki. Kisha sukuma ukuta kwa mikono miwili, idadi hiyo hiyo. Baada ya mwezi shuka kwenye kigoda. Siku utakayoinuka kwenye mbuzi bila kushika kitu, miguu yako itakuwa imepata kile ambacho matango hayakukupa. Ukihisi maumivu makali ya goti, ishia hapo hapo kwenye zoezi la kiti, usilazimishe.

Vyote hivi usivianze wiki moja. Phillippa Lally na wenzake wa London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga tabia moja mpya kila mmoja, wakaona kwamba inachukua siku kama 66 kwa mtu wa katikati mpaka jambo lifanyike bila kujisukuma. Wengine siku 18, wengine zaidi ya 200. Waliona pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kinachosaidia ni kulifunga jambo jipya kwenye jambo ambalo tayari hulikosi, na sisi tuna swala tano. Matembezi yafuate alfajiri. Kukaa na kuinuka kufuate alasiri. Chakula cha usiku kiwe kati ya magharibi na isha, na baada ya isha jiko lifungwe. Kisha ulale; anayelala muda wa saa tano tu kila usiku hushinda na njaa isiyo ya chakula.

Ramadhani ijayo usiifanye mwezi wa kupungua. Ifanye mwezi wa kutoongezeka. Tende tatu, maji, uji usio na sukari nyingi, uende ukaswali, kisha ndiyo chakula. Kama futari ni muhogo au majimbi ya nazi, hiyo ndiyo wanga ya usiku huo, wali usiufuate. Daku iwe na yai, samaki au maharage, kunde hata zikiwa za jana. Siku ya Iddi kula na watu wako kwa furaha. Iddi ina siku zake chache, na kaimati na halua zinazobaki mpaka tarehe 15 ya Mfunguo Mosi zigaiwe mapema. Ukifunga Jumatatu na Alkhamisi kwa ajili ya ibada, ni kheri, na kwa uzito pia inafaa, kwa sharti kwamba futari ya siku hiyo isiwe ya Ramadhani nzima.

Utasikia pia habari za sindano za kupunguza uzito. Dawa hizo ni za kweli. Semaglutide, kwa mfano, ilipunguza wastani wa asilimia 15 ya uzito kwa wiki 68 kwenye majaribio. Walioiacha walirudisha theluthi mbili ya walichopungua ndani ya mwaka mmoja. Ni dawa ya muda mrefu, ghali, ya kusimamiwa na daktari. Usinunue ya kupitishwa mkono kwa mkono. Vidonge vya "mitishamba" visivyo na maelezo viogope zaidi: katika bidhaa za namna hiyo duniani imekutwa mara nyingi sibutramine, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara ya moyo.

Kabla ya yote haya, nenda hospitali ukapimwe presha na sukari. Kwa uzito wako hilo si la kungojea dalili. Kama tayari unatumia dawa za sukari au presha, daktari ajue unapunguza chakula, kwani kipimo cha dawa huenda kikabadilika, na mwenye sukari asifunge bila kumuuliza. Mweleze pia kama unatumia sindano ya uzazi wa mpango au dawa za jamii ya prednisolone, maana zipo zinazoongeza uzito, usiziache mwenyewe. Mweleze kama hedhi imepotea mpangilio na nywele zinaota kidevuni, kama unahisi baridi na uchovu usioisha na choo kigumu, kama unakoroma sana na kusinzia darasani mchana. Maumivu makali upande wa kulia chini ya mbavu baada ya chakula cha mafuta yasingoje, kwa sababu kupungua haraka kama ulivyopungua huweza kuleta vijiwe kwenye nyongo. Kama umewahi kujitapisha ili usinenepe, au ukila hujizuii na kisha unajichukia, mwambie mhudumu wa afya ana kwa ana. Ni ugonjwa unaotibika. Na ukiwa mjamzito, yote niliyoandika kuhusu kupungua yasubiri.

Mizani, ipande mara moja kwa wiki, asubuhi ya siku ile ile. Kama bado inakuumiza, iache kwa miezi miwili utumie futi ya fundi cherehani: zungusha kiunoni, usawa wa kitovu, andika, rudia baada ya wiki nne. Kwa mwanamke, kiuno kilichopita sentimita 80 kinaashiria mafuta yanayozunguka viungo vya ndani, na hayo huanza kupungua mapema, wakati mwengine kabla hujaona tofauti kubwa kwenye mizani.

Amebaki mama mkwe. Maneno yake yana mapenzi ndani yake. Kwa watu wa rika lake aliyekonda ni mgonjwa au ana mume asiyemtunza, na alikuona mwaka jana ukila matango peke yako huku wenzako wako kwenye sinia. Mara hii hutakuwa na mlo wako. Siku ya kwenda kupima mchukue, mwambie mtaalamu wa lishe amekutaka upimwe sukari na presha na ungependa naye apimwe. Kisha mkirudi, ipike chai ya alasiri kwa tangawizi na iliki bila sukari, bakuli la sukari liweke mkekani na kijiko chake, na kila mmoja atie mwenyewe.